Sisi wa Mweso, Tumehamia Kinshasa Lini?

Tunauliza kwa heshima: nani alituhamisha? Ukungu wa Masisi, huku Kivu ya Kaskazini mashariki mwa Kongo, umeshuka hadi kwenye mabati, watu wamevaa makoti, na simu inatutangazia joto la Kinshasa. Ukitafuta duka la dawa la karibu unaonyeshwa la Gombe au Limete, mitaa ya huko Kinshasa. Ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege! Hata Goma, kilomita kama 100 tu, kuna siku motari wa pikipiki anakataa kwenda.

Hayo ni ya wanaonunua mega, data ya simu. Wenye intaneti ya satelaiti wamepelekwa Nairobi: matangazo ni ya vyumba vya kupanga huko, bei ni za shilingi, na barua pepe inafungwa kwa kuwa kuna mtu wa Kenya anataka kuingia. Mtu huyo ni wewe, hujatoka Mweso. Na saa je? Kinshasa wako nyuma yetu saa moja, Nairobi mbele saa moja. Mkutano wa saa nne, mmoja anaandikiwa saa tatu, jirani yake saa tano.

Vijana wanaotengeneza simu sokoni wametufafanulia: tovuti hukisia ulipo kwa anwani ya namba unayotumia kwenye intaneti. Anwani za zamani, IPv4, ni bilioni 4.3 hivi, na akiba kuu ya dunia iliisha Februari 2011. Wachora ramani za anwani, wanaokisia kila moja iko wapi, walizizoea kwa miaka mingi, na bado walikosea: mwaka 2016 ilijulikana kwamba shamba moja la Kansas, Marekani, lilikuwa limebandikwa mamilioni ya anwani zisizojulikana ziliko, na polisi wakawa wanabisha hodi pale. Sasa zimekuja anwani mpya, IPv6. Nyumba moja inaweza kupewa nyingi kuliko IPv4 zote za dunia, nani atazizoea? Mchora ramani anasoma usajili ulioko AFRINIC, msajili wa anwani za Afrika kule Morisi, anaona ofisi ya kampuni ya simu iko Kinshasa, anafunga daftari. Wa satelaiti anahesabiwa pale data yake inapoingia kwenye intaneti ya nchi kavu, hata kama sahani iko juu ya paa lake hapa.

Kinachotuudhi ni kwamba dawa ipo. Tangu 2020 kuna muundo uliochapishwa: kampuni yenye anwani inatangaza orodha, fungu hili nchi fulani, jimbo fulani, mji fulani. Bila shaka inabidi kwanza kila jimbo litengewe fungu lake, na hiyo ni kazi. Lakini kuandika Kivu ya Kaskazini kunamaliza wino gani?

Wazee wengine wanasema waacheni, katika nchi ya vita ni afadhali mashine isijue mlango wako. Hilo tunalielewa sana. Hatuombi mlango, tunaomba jimbo tu. Maana kwa sasa hatujafichwa, tumeandikwa kwingine, na mwanafunzi anayesoma kwa intaneti anakosa jaribio kwa kosa la kuishi Nairobi.