Jina la Mshonaji Likae Ndani ya Mfarishi

Safu ya Nyanda za Juu
Na Tumaini Sanga

Mfarishi ni tandiko au funiko la kitandani lenye tabaka tatu, yaani uso wa juu uliounganishwa kwa vipande vya vitambaa, ujazo wa katikati ambao huweza kuwa pamba au blanketi kuukuu, na kitambaa cha chini, na tabaka hizo hushikanishwa kwa mishono inayozipita zote ili ujazo usijikusanye upande mmoja. Iringa na Mbeya, miji iliyo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambako baridi ya Juni na Julai huwafanya watu wajifunike mara mbili, hazihitaji kuelezwa faida ya funiko la namna hiyo. Malighafi yake nayo haiko mbali, kwa kuwa kila fundi cherehani anayeshona vitenge hubakiwa na vipande visivyotosha hata mkono wa blauzi. Kinachosahaulika katika kazi hiyo ni lebo, yaani kipande kidogo cha kitambaa kinachoshonwa upande wa chini kikiwa na jina la mshonaji, mahali na mwaka. Safu hii inashikilia kwamba lebo ni sehemu ya mfarishi wenyewe, na kwamba anayepaswa kuitengeneza, kwa mkono wake na kwa jina lake, ni yule aliyeshona.

Kuandika juu ya kitambaa si jambo geni kwa Waswahili. Kanga huwa na pindo, mji na maandishi, na maandishi hayo watumiaji wengi huyaita jina la kanga, kana kwamba nguo isiyo na maneno haijakamilika. Kanga za duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa zilijulikana kwa miongo mingi kwa maneno "Mali ya Abdulla" yaliyochapwa juu yake, kiasi kwamba mnunuzi aliweza kuitambua bidhaa halisi kwa kusoma tu. Hata kitambaa kinachofaa zaidi kutengenezea lebo, pamba nyepesi isiyopaushwa iitwayo marekani, kinabeba asili yake katika jina, kwa sababu kililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, nchini Marekani, ambao biashara yao ilikuzwa na mkataba wa mwaka 1833 kati ya nchi yao na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Nchi ilibaki katika jina la kitambaa, na mfanyabiashara akabaki katika maandishi ya kanga. Wanawake waliokata, waliopinda na waliodarizi vitambaa hivyo hawakubaki popote.

Upungufu huo unaonekana vizuri zaidi katika ushonaji wa mfarishi. Kitenge, kiwe kimenunuliwa katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, au kimepitia mpaka wa Tunduma, huwa na ukingo uliochapwa jina la kiwanda au aina ya uchapaji. Ukingo huo ni mgumu kuliko sehemu nyingine ya kitambaa, nao huweza kusinyaa tofauti ukifuliwa, kwa hiyo mshonaji mwangalifu huukata na kuutupa kabla ya kupanga vipande vyake. Kwa tendo hilo sahihi la kiufundi, jina pekee lililokuwa juu ya nguo huondoka, na kama hakuna lebo, hakuna jina lingine linaloingia mahali pake.

Huenda aibu ya neno kiraka imechangia lebo kukosekana. Kiraka, katika matumizi ya kila siku, ni alama ya uhitaji, kitu kinachofunika tundu la suruali ya mtoto wa shule, na funiko linaloitwa kwa wepesi blanketi la viraka hurithi aibu hiyo hata pale ambapo vipande vyake vimekatwa kwa vipimo na kupangwa kwa jicho la kisanii. Ni vigumu kwa mtu kutia jina lake kwenye kitu ambacho jamii imekwisha kukiita dalili ya ufukara. Pengine mpangilio wa mambo ugeuzwe: jina litangulie, na heshima ya kazi ifuate.

Iringa ina mfano unaostahili kutazamwa kwa makini. Kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kilianza na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, kisha kikapanuka hadi kufikia ufumaji, uchapaji wa vitambaa na ushonaji wa vipande, kikiwaajiri watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali. Katika mazingira kama hayo lebo hupata maana nyingine. Mshonaji kiziwi huzungumza kwa lugha ya alama, ambayo mnunuzi wa kawaida haijui, na kwa hiyo maandishi yaliyo kwenye kona ya mfarishi huwa mahali ambapo wawili hao hukutana bila mkalimani. Ndiyo maana lebo inayotaja ulemavu bila kutaja jina, popote inapotumika, ni kosa kubwa kuliko kutokuwa na lebo kabisa, kwa sababu humwachia mnunuzi huruma na kumnyima mshonaji sifa ya ufundi wake. Ikiwa mshonaji mwenyewe anataka hali yake itajwe, itajwe kwa maneno yake, baada ya jina.

Hasara ya kunyamaza inapimika. Harriet Powers, mwanamke aliyezaliwa utumwani huko Georgia, Marekani, mwaka 1837, alishona mifarishi yenye picha za visa vya Biblia, ambayo miwili tu inajulikana kuwa imesalia, mmoja ukiwa katika hifadhi ya taasisi ya Smithsonian na mwingine katika makumbusho ya sanaa ya Boston. Alipolazimika kuuza mmojawapo kwa dola 5, mnunuzi, Jennie Smith, aliyekuwa mwalimu wa sanaa, aliandika maelezo ya Powers kuhusu kila picha, na maandishi hayo ndiyo yaliyoihifadhi sauti ya mshonaji. Kumtegemea mnunuzi wa aina hiyo ni kubahatisha. Hapa Tanzania, mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alitia jina lake kwenye michoro, na leo mtindo mzima unaitwa kwa jina hilo. Sheria nayo inaelekea upande huohuo, kwa kuwa Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ambao Tanzania ni mwanachama wake tangu mwaka 1994, humchukulia mtu ambaye jina lake limewekwa juu ya kazi kwa namna ya kawaida kuwa ndiye mtunzi wake mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Utengenezaji wa lebo hauhitaji mashine. Kipande cha marekani chenye ukubwa wa kiganja hufuliwa kwanza kwa maji ya moto ili wanga wa kiwandani utoke na kitambaa kisinyae mapema, kisha hupigwa pasi. Anayetumia pasi ya mkaa hutandika kitambaa kingine juu, kwa sababu chembe moja ya jivu huharibu kazi. Maneno huandikwa kwa penseli hafifu, halafu hudariziwa kwa mshono wa kurudi, ambao sindano hutoka mbele na kurejea ilikotoka ili mstari uwe mfululizo. Wanawake waliokwisha kudarizi mashuka na vitambaa vya makochi wana ujuzi huo tayari. Anayependa wino aepuke kalamu ya kawaida, ambayo hutiririka katika ufuaji wa kwanza, na maka peni, ambayo husambaa katika nyuzi, atafute kalamu ya kuandikia vitambaa, na afue kipande cha majaribio kabla ya kuandika lebo yenyewe. Kingo hukunjwa kwa nusu sentimita, na lebo hushonwa kwenye kitambaa cha chini kabla tabaka tatu hazijaunganishwa, ili mishono ya mwisho iipite nayo pia. Lebo iliyobandikwa baada ya kazi kwisha huweza kufumuliwa kwa dakika moja na mtu anayetaka kuuza mfarishi kama wake. Iliyoshonwa mapema haitoki bila kuacha alama.

Maneno yawe machache: jina kamili, kijiji au mtaa na wilaya, mwaka, na namna ya kufua, na yaandikwe kwa Kiswahili hata kama mfarishi unakwenda ng'ambo. Kwa mifarishi iliyokwisha kushonwa zamani na kukunjwa masandukuni huko Mufindi au Rungwe, lebo bado inawezekana, ila kazi yake huanza kwa kuuliza. Mjukuu amwendee bibi akiwa hai, aandike alichosikia, aweke neno "karibu" mbele ya mwaka usio na hakika, na mahali pa jina lisilokumbukwa aache nafasi tupu yenye upana wa kutosha mstari mmoja, kwa ajili ya shangazi ambaye hajaulizwa bado.