Mwongozo Usiomwongoza Mgeni

Kuna sentensi niliyoambiwa mwaka jana ambayo mpaka leo sijaisamehe: "Kama mwongozo umekushinda, basi kazi hii si yako." Aliyeitamka ni mwanafunzi wa kompyuta, kijana mpole tu, wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akirudia alichoambiwa yeye. Ninaandika insha hii kuipinga sentensi hiyo, na nikimalizana nayo nitawageukia wenzangu wa Kiswahili, maana sisi nasi hatumo nje ya lawama.

Kisa chenyewe ni hiki. Kikundi chetu kilikuwa kimerudi kutoka ufukweni mwa Ziwa Albert, upande wetu wa Uganda, tulikokusanya maneno ya wavuvi: majina ya nyavu, ya samaki, ya pepo. Kiswahili tulichokisikia pale kina mengi yaliyovuka ziwa kutoka Kongo, na sehemu kubwa ya maneno hayo hatukuyakuta katika kamusi tulizo nazo. Tulikuwa na kadi 300 na ushei ndani ya katoni. Mimi na mwenzangu mmoja tukaamua kuziweka kwenye tovuti ili mtu yeyote aweze kulitafuta neno akalipata. Tukashauriwa tutumie Django.

Kwa wasioijua, Django ni kiunzi cha kutengenezea tovuti. (Si kiunzi cha nadharia, walimu wangu. Ni kiunzi kama cha nyumba: nguzo na kenchi zimeshasimamishwa, wewe unaleta kuta.) Ilizaliwa katika ofisi za gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Ni programu huria: kuitumia ni bure, kusoma msimbo wake ruksa, kuurekebisha ruksa. Mwongozo wake husifiwa sana, na sifa nyingi ni za haki. Ndani yake mna somo la anayeanza, ambamo mwanafunzi hujenga programu ndogo ya kura za maoni hatua kwa hatua.

Ila somo hilo linaanza kwa kudhani kwamba Django tayari imo kwenye kompyuta yako, kisha linakutuma kwenye dirisha la amri. Dirisha la amri ni nini? Linafunguliwa wapi? Halisemi. Mbele ya amri za mfano pameandikwa alama ya dola. Mwenzangu akaichapa pamoja na amri, kama alivyoiona, angejuaje? Kompyuta ikamrudishia kosa. Akachapa tena. Siku tatu nzima, kwa bando alilolinunua kwa pesa zake, mtu aliyetushinda sote katika mtihani wa fonolojia alikuwa akipigana na alama ambayo hakutakiwa kuichapa. Siku ya nne akasema ana mambo mengine ya kufanya.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa yule kijana wa kompyuta, nikapewa ile sentensi. Wanaoitetea husema ugumu wa mwanzo ni chekecheo: unawachuja wasio na bidii. Nimelifikiria sana hilo, na naona chekecheo lenyewe limetoboka. Siri ya alama ya dola mtu huipata kwa sekunde moja akiwa na kaka nyumbani anayejua, au jirani wa dawati aliyesoma shule yenye maabara. Asiye na mtu pembeni yake atakaa siku tatu. Kwa hiyo mwongozo wa namna ile hauchuji akili wala bidii. Unawapitisha wenye mtu wa kumuuliza, na hao ndio waliokuwa na haja ndogo zaidi ya mwongozo.

Wala kurekebisha si kazi ngumu. Kwa miaka mingi amri ya kuanzisha mradi katika somo lile ilizaa folda mbili zenye jina moja, mysite ndani ya mysite, na anayeanza hakujua amesimama katika ipi. Katika matoleo ya karibuni folda ya nje imepewa jina lake, djangotutorial. Basi, ni jina moja tu. Mahali pengine, baada ya hatua ya kuandika ukurasa wa kwanza, pana sentensi inayosema kwamba ukiona ukurasa wa kosa, angalia kama umekwenda kwenye anwani inayoishia na polls, si ile tupu. Sentensi kama hiyo haiandikwi na mtu ambaye hajaona mwanafunzi akikwama papo hapo. Tena upo mfano mkubwa zaidi: mafunzo ya Django Girls, yaliyoanza Berlin mwaka 2014, yana kitabu chao kinachoeleza kwanza intaneti inafanyaje kazi, kisha dirisha la amri, na kinasema waziwazi kwamba ile alama ya mwanzo huichapi wewe.

Sasa ndugu zangu wa Kiswahili. Nimekaa semina nzima tukibishana tuseme msimbo au kodi. Hoja yetu siku zote ni moja: tusubiri istilahi zikamilike, ndipo tuandike. Lakini Django yenyewe tayari ina tafsiri ya Kiswahili ya maneno yanayoonekana kwenye kurasa zake, vitufe na ujumbe wa makosa, ilhali mwongozo wake hauna. Yaani ukutani pameandikwa kwa lugha yetu, ila hakuna anayetuonyesha mlango. Na hata tungelitafsiri lile somo kesho kwa Kiswahili sanifu kisicho na doa, mwenzangu angekwama palepale. Kiingereza anakisoma vizuri. Kilichomkwamisha ni hatua iliyorukwa, na hatua iliyorukwa haitafsiriki.

Anayeweza kuiona hatua hiyo ni yule aliyejikwaa juzi. Fundi ameshaisahau. Mimi mwenyewe, mwezi mmoja baada ya kuelewa, sikumbuki tena kwa nini folda zilinitesa. Mwongozo wa Django unahifadhiwa pamoja na msimbo wake, na yeyote anaruhusiwa kupendekeza badiliko. Kwa sahihisho dogo huhitaji hata kufungua tiketi ya tatizo kwanza. Tunasubiri nani?

Nimeanza na kurasa 5 za Kiswahili, kuanzia kuwasha kompyuta. Wiki iliyopita nilimpa dada mmoja wa mwaka wa kwanza azifuate, nami nikakaa pembeni, nimejikataza kumsaidia. Katika ukurasa wa 2 nilikuwa nimeandika, "Toka humo, kisha ingia kwenye folda ya kamusi." Akasimama. Akalipigia mstari neno moja kwa kalamu, akaniuliza, "Humo wapi?"

Niliitazama sentensi yangu kwa muda mrefu. Kadi za wavuvi bado zimo katonini, chini ya kitanda changu cha hosteli.