JINA NI LETU, MWENYEWE NI NANI?

Mkenya yeyote anayetaka kununua shamba huanza na swali moja: hili shamba ni la nani? Hata upendezwe vipi na udongo wake mwekundu na mto unaopita chini, hutoi hata ndururu kabla ya kufika kwenye afisi ya ardhi ukasachi, kama wasemavyo watu. Unalipa ada ndogo, unasubiri, kisha unaonyeshwa jina la mwenye hati. Gari nalo ni vivyo hivyo. Kampuni pia ina sajili inayotaja wakurugenzi wake. Ukiuziwa mali ya wenyewe bila kufanya hayo, basi uliyataka mwenyewe.

Leo nachukua kalamu kuandika juu ya shamba la aina nyingine, lisilo na udongo wala seng'enge, ambalo mwaka jana nusura litutoke mikononi huku sote tukiamini kwamba ni letu. Nazungumzia jina la shule yetu katika intaneti.

Mambo yalianza hivi. Chama chetu kilikata shauri kwamba matoleo ya zamani ya jarida hili yawekwe katika tovuti ya shule, ili hata waliotoka hapa zamani wapate kuyasoma. Mwalimu mlezi akatutuma mimi na katibu kwenye chumba cha kompyuta tutafute mahali pa kuyaweka. Tukaifungua hiyo tovuti. Lahaula! Karo iliyoandikwa pale ilikuwa ya mwaka wa 2017. Mwalimu mkuu anayetabasamu juu ya ukurasa alistaafu kitambo, na wale wachezaji wa voliboli waliobeba kombe, wengine wao sasa ni wazazi. Tukaenda afisini kuuliza ni nani aliye na nywila ya kuingilia. Karani akamtazama mhasibu, mhasibu akamtazama naibu wa mwalimu mkuu, naibu naye akatutazama sisi.

"Kwani si ya shule? Ingieni tu," akasema.

Ingieni tu! Ungedhani ni lango la bwalo.

Hapo ndipo nilipofumbuliwa macho. Jina la tovuti halinunuliwi likawa lako daima kama kalamu au kikombe. Hukodishwa kwa mwaka mmoja mmoja, au miaka kadhaa kwa mpigo, isiyozidi 10 kwa majina yanayoishia na .com kama lile letu. Anayekodishwa huandikwa katika sajili kupitia kwa kampuni iitwayo msajili, na aliyeandikwa ndiye mwenyewe mbele ya msajili huyo, hata kama jina lenyewe ni la shule, la hospitali au la kijiji kizima. Wataalamu wa lugha huliita jina la namna hii kikoa. Neno hili lilituchekesha sana sisi wanachama, kwa maana ukifungua kamusi utaona kwamba kikoa ni watu kula pamoja kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Kumbe katika kikoa hiki cha intaneti anayeshika mwiko ni mtu mmoja tu!

Kusachi kwenyewe si kazi ya mafundi. Upekuzi huo huitwa WHOIS, maana yake "ni nani", na una umri mkubwa kuliko baadhi ya walimu wetu. Kanuni zake zilichapishwa mwaka wa 1982, enzi ambapo watumiaji wa mtandao wa watafiti wa Marekani walikuwa wachache hata wakaweza kuorodheshwa kwa jina, anwani na simu kama katika kitabu cha simu cha posta. Siku hizi kuna mtindo mpya uitwao RDAP, na tangu Januari 2025 huo ndio unaotegemewa kwa majina ya .com na ndugu zake, lakini watu wamezoea jina la zamani. Shirika la ICANN, lililoundwa mwaka wa 1998 kuratibu majina haya duniani, lina ukurasa wake. Unaandika jina, unabonyeza, na hulipi hata senti. Kwa majina yanayoishia na .ke unawaendea KENIC wa Nairobi, ambao walikabidhiwa usimamizi wake mwaka wa 2002.

Katibu akaandika jina la shule yetu, akabonyeza. Tukainama wote wawili. Tarehe ya kusajiliwa: 11 Septemba 2016. Tarehe ya kumalizika: 11 Septemba ya mwaka ule ule tuliokuwamo, na sisi tulikuwa mwishoni mwa Juni. Msajili: kampuni fulani ya ng'ambo. Jina la mwenyewe: limefichwa kwa ajili ya faragha. Barabara: imefichwa. Simu: imefichwa. Nchi: Kenya. Jimbo: Nakuru.

Nakuru? Sisi Nakuru tunakwenda kwa tamasha la muziki, tunaimba, tunarudi. Nani wetu anaishi Nakuru?

Msomaji huenda akasema, na litoke, jina ni herufi tu. Hebu ngoja kwanza. Jina la .com likimalizika muda, msajili anaweza kumvumilia mwenyewe kwa siku zisizozidi 45. Likishafutwa, kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za mwisho, halafu milango hufunguliwa kwa yeyote duniani. Wapo wanaoishi kwa kuvizia majina kama hayo. Leo ukurasa una wimbo wa shule, kesho una matangazo ya kamari. Na kuna baya zaidi. Wazazi wa Kidato cha Kwanza walikuwa wakielekezwa pale pale kusoma nambari ya akaunti ya karo. Mtu akilikamata jina, akaacha kila kitu kama kilivyo pamoja na tabasamu la mwalimu mkuu mstaafu, akabadilisha nambari hiyo peke yake, mzazi aliyeuza fahali wake angejuaje? Na usidhani uzembe huu ni wetu peke yetu. Desemba 1999, Microsoft yenyewe, na utajiri wake wote, ilisahau kulipia jina la passport.com, watu wengi wakashindwa kufungua barua zao za Hotmail wakati wa Krismasi. Aliyewaokoa ni fundi mmoja wa kompyuta huko Marekani. Aliitafuta sababu, akaona deni, akawalipia dola 35 kutoka mfukoni mwake.

Basi habari zilipofika afisini, moto ukawaka. Yule aliyejificha Nakuru akaitwa mwizi kabla hajajulikana. Naibu akataka ashtakiwe mara moja. Ni kweli sheria ipo: ile ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka wa 2018, kifungu cha 28, inamtishia anayechukua jina la mwingine katika intaneti faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Lakini kifungu hicho kinataka iwe ni kwa makusudi na bila haki. Na utamshtaki nani, bwana, ikiwa sajili imefumba mdomo? Msajili alikuwa na fomu ya kumtumia mwenye jina ujumbe bila kumjua. Tukaijaza kwa adabu zote. Wiki tatu zikapita, kimya kama cha maji mtungini.

Aliyetusaidia hatimaye ni jarida hili hili. Siku moja nilikuwa maktabani nikipanga matoleo yale ya zamani kwa ajili ya kuyanakili. Toleo la 2016, shilingi 50, jalada limeliwa na mende. Katika ukurasa wa shukrani, chini kabisa, mhariri wa wakati ule alimshukuru mwanafunzi wa zamani wa shule hii kwa "kututengenezea tovuti ya kisasa". Jina lake kamili lilikuwa pale. Nilipiga ukelele mpaka mama wa maktaba akanionyesha mlango. Kufika jioni tulikuwa tumepata simu yake kutoka kwa mwalimu aliyemfundisha hesabu.

Katibu ndiye aliyezungumza. "Kaka, samahani, ni wewe uliyeandikisha jina la shule?"

Yule bwana akacheka sana. Ni yeye, akasema, na ni yeye ambaye amekuwa akililipia miaka yote hiyo kutoka mfukoni mwake. Siku ya kuandikisha, fomu ilitaka anwani ya barua pepe. Shule haikuwa nayo, akatia yake, jina lake, na mji alikokuwa amepanga nyumba. Alileta barua mbili hapa shuleni akiomba shule ichukue mali yake. Hakujibiwa. Ujumbe wetu nao ulikwenda kwenye anwani ambayo hafungui siku hizi. "Mwaka huu, wadogo zangu, nilikuwa nimeamua basi," akasema. "Nina watoto wawili. Ningeliacha lijiendee."

Nilishikwa na haya, na sina hakika kwamba wote waliopaswa kuona haya waliona. Mtu tuliyekuwa tukimpikia mashtaka ndiye aliyekuwa akitulindia boma.

Sasa nitoe maoni yangu. Tulipolijadili jambo hili katika chama, msichana mmoja wa Kidato cha Pili alitetea ule ufichaji kwa nguvu. Alisema kwamba zamani ukiandikisha jina, simu yako na nyumba yako zilianikwa mbele ya kila tapeli na kila mchuuzi duniani. Aliuliza pia, anayeandika kufichua wizi wa dawa za hospitali, mnataka wenye dawa wajue anakolala? Nilimpigia makofi, na bado nampigia. Sheria ya Ulaya iliyoanza kazi tarehe 25 Mei 2018, ambayo ndiyo iliyowafanya wasajili wa dunia nzima kushusha mapazia, ilikuja kumlinda mtu wa namna hiyo. Sheria yetu ya 2019 ya kulinda data nayo ni kwa ajili ya mtu.

Lakini mtu ni mtu, na shule ni shule. Shule haina chumba cha kulala cha kuwekewa pazia. Wala chuo kinachoomba karo, wala shirika linalochangisha pesa za yatima, wala duka. Sheria hiyo ya Ulaya hailindi faragha ya taasisi. Wasajili ndio walioona uvivu kuchambua nani ni mtu na nani si mtu, wakawatia kuku na kanga katika tenga moja na kulifunika. Umoja wa Ulaya wenyewe umeliona hilo, na mwaka wa 2022 ukapitisha agizo ambalo kifungu chake cha 28 kinataka habari za usajili zisizo za kibinafsi ziwekwe wazi. Mimi nasema na sisi tudai hivyo. Anayeandikisha jina aulizwe: wewe ni mtu au ni taasisi? Akisema taasisi, jina la taasisi lisomwe na wote.

Ati matapeli watasema wao ni watu binafsi? Waseme! Mzazi akisachi jina linalojiita shule, akaambiwa mwenyewe ni mtu binafsi aliyefichwa, hapo hapo atarudisha pesa mfukoni.

Nakiri kwamba kanuni yangu isingetufaa sisi mwaka jana, kwa sababu kaka yetu aliandika jina lake wala si la shule. Kosa hilo ni la shule, si la Ulaya. Tungekuwa tumejifunza kutokana na ardhi. Mnakumbuka Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walipotoka kuupinga ukuta uliozingira uwanja wao wa michezo, wakarushiwa vitoa machozi. Nchi nzima ilikuwa ikiulizana, mwenye kiwanja ni nani? Baada ya hapo kila mtu akaimba wimbo wa hati za shule. Hakuna aliyekumbuka hati hii nyingine, ingawa kuichukua ni kazi ya alasiri moja, na hata kuna majina ya .sc.ke yaliyotengewa shule za humu nchini.

Kaka alifungua kufuli la jina mwezi wa Agosti na kutukabidhi. Shule imefungua anwani ya barua pepe ya afisi, si ya mwalimu fulani, na mhasibu amelipia miaka 5. Ukisachi leo utaliona jina la shule waziwazi mahali pa taasisi. Karo ya 2017 tumeiondoa. Tarehe ya kumalizika katibu ameiandika kwa rangi nyekundu nyuma ya mlango wa maktaba, kwa herufi kubwa, maana huyo atakayekuwa katibu mwaka huo sasa hivi yuko shule ya msingi.