Bi Kidude wa Unguja na Ngoma Yake

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Watu wote hulikubali neno hilo barazani, pale mzee anapokata shauri la mpaka wa shamba au la mahari. Lakini mzee huyo huyo akisimama mbele ya watu akapiga ngoma, wengi huona haya kwa ajili yake, wakasema kwamba wakati wake umepita na heri akae nyumbani. Habari za marehemu Bi Kidude wa Unguja zastahili kufikiriwa kwa makini, maana yeye aliipinga fikira hiyo mbele ya maelfu ya watu, wala hakuipinga kwa maneno bali kwa kazi.

Jina lake hasa lilikuwa Fatuma binti Baraka, naye alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, baba yake akiwa mchuuzi wa nazi. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa katika daftari lolote. Mwenyewe aliuhesabu umri wake kwa fedha, akisema kwamba alikuwapo zamani za rupia. Na rupia ziliondolewa Unguja mwaka 1936, shilingi zikashika mahali pake. Alipofariki, tarehe 17 Aprili 2013, watu wengi walimhesabu kuwa amepita miaka mia.

Mwaka 2004 lilianzishwa Unguja tamasha la muziki liitwalo Sauti za Busara, likawa likifanywa katika mwezi wa Februari. Uwanja wake mkubwa ulikuwa ndani ya Ngome Kongwe, ile iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kuondoka. Hapo hapana dari ila mbingu. Kuta nene za mawe zauzunguka uwanja, na upepo wa bahari waingia ndani, kwa kuwa pwani i karibu. Katika uwanja huo Bi Kidude aliimba mara nyingi katika miaka ya mwisho ya maisha yake.

Mtu aliyekwenda kumtazama kwa mara ya kwanza aliona ajuza mwembamba akishikwa mkono kupanda jukwaani, akadhani kwamba ameletwa ili apigiwe makofi kwa heshima tu, kisha arudishwe kitini. Mara akafumbua kinywa. Sauti ile haikuwa laini. Ilikuwa nene yenye mikwaruzo, tena yenye nguvu isiyolingana na kiwiliwili chake, wala haikutetemeka. Vijana waliokuwa wakizungumza nyuma walinyamaza. Na alipofungiwa ngoma ya msondo kwa kanga kiunoni, akaipanda na kuipiga kwa mikono miwili, hapakuwa tena na mtu wa kumwonea huruma. Watu waliinuka wakamwendea wakicheza, fedha mkononi, wakamtunza kama ilivyo desturi ya taarabu.

Siri ya nguvu hiyo yaeleweka mtu akiijua kazi yake. Bi Kidude hakuwa mwimbaji wa jukwaani tu. Alikuwa kungwi wa unyago, yaani mwanamke anayewafunza wasichana waliokwisha vunja ungo mambo ya mwili, ya mume na ya nyumba. Mafunzo hayo hutolewa kwa nyimbo na ngoma, wala mwanamume haruhusiwi kuyahudhuria. Mwanamke apigaye ngoma usiku kucha katika kazi kama hiyo, mwaka baada ya mwaka, hujenga mkono na pumzi ambavyo havijengwi na mazoezi ya juma moja. Zaidi ya hayo alijulikana kwa kutengeneza hina na dawa za miti.

Walikuwako waliomlaumu. Wengine walisema kwamba kizee anayevuta sigara mbele ya watu si mfano mwema kwa vijana. Lawama hiyo ina ukweli wake, lakini haigusi ngoma. Mwalimu wa hesabu avutaye sigara hazifanyi hesabu zake kuwa za uongo.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Yasemwa kwamba unyago ni siri ya wanawake, na kuipeleka ngoma yake mahali penye wanaume na wageni ni kuivunja heshima yake. Jambo hili halifai kupuuzwa, kwa maana kitu cha siri kikizoeleka machoni pa watu, hugeuka mchezo. Hata hivyo yafaa kutofautisha. Mlio wa ngoma na nyimbo chache si mafunzo yenyewe. Mafunzo ni maneno ya kungwi na mwari wake, nayo hayawezi kutolewa kwa watu elfu katika saa moja. Tena, lililo hatari zaidi kwa siri si kusikiwa nusu yake. Hatari ni kufa kwa mwenye kuijua pasipo kumwachia mtu.

Yafaa kumkumbuka Siti binti Saad, ambaye Bi Kidude alijifunza nyimbo zake kwa kumsikiliza. Siti alitoka shamba, akauza vyungu, kisha akaimba taarabu kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri na wenzake mpaka Bombay kutia sauti zao katika santuri. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, kwa hiyo hata leo mtu asiyepata kumwona aweza kumjua. Bi Kidude naye alipata bahati: mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza, na mwaka 2006 ilitoka sinema juu ya maisha yake. Lakini itazamwe jinsi bahati hiyo ilivyochelewa. Heshima hiyo kubwa ya ng'ambo ilimfikia akiwa amekwisha kuwa ajuza.

Wala jambo hili si la Unguja peke yake. Katika Kenya wako wazee wapigao nyatiti kwa Wajaluo, obokano kwa Wakisii, na litungu kwa Wabukusu, na katika kila tarafa yuko bibi ajuaye nyimbo za arusi na za kilio ambazo wajukuu wake hawazijui. Mzee kama huyo akialikwa sherehe, mara nyingi hupewa soda na shukrani, na mwenye kukodisha vipaza sauti ndiye hulipwa fedha. Hiyo si haki. Ujuzi wa miaka hamsini ni mali kama shamba, na mwenye shamba hulipwa mavuno yake.

Basi kila ajuaye kusoma na kuandika ana kazi rahisi ya kufanya. Achukue daftari, amwendee mzee wa kwao angali na nguvu, amwombe kwa adabu, aandike maneno ya nyimbo pamoja na maana yake, na jina la mzee aliandike juu. Akiwa na simu, na ainase sauti kwa idhini ya mwenyewe. Na siku ya sherehe, mzee apandapo jukwaani, watu wasimpigie makofi ya huruma. Wamsikilize kwanza, kisha wamtunze.