Ghala la Wengi

Kuna neno linalosemwa sana vyuoni, nalo hurithishwa na wakongwe kwa wageni kila mwaka: kwamba akaunti anayopewa mwanafunzi na chuo kikuu ni mali yake, aitumie apendavyo. Neno hili ni la uongo, na madhara yake ni makubwa. Ninyi mlio katika shule za sekondari leo mtakabidhiwa akaunti hizo kesho. Yafaa mlikatae mapema kabla hamjalizoea.

Akaunti ya chuo ni ufunguo wa ghala. Humo mwanafunzi huweka insha na picha zake, na huandika hati moja pamoja na wenzake, kila mtu akiwa mahali pake. Ghala hilo huitwa wingu, lakini haliko angani. Ni tarakilishi nyingi zilizopangwa katika majumba makubwa, zikila umeme usiku na mchana, na gharama yake haina budi kulipwa. Mwaka wa 2014 kampuni ya Google iliahidi shule na vyuo nafasi isiyo na kikomo. Ahadi hiyo haikudumu. Mwezi wa Februari 2021 ilitangaza kuwa itaweka mpaka, na tangu Julai 2022 kila chuo kinachotumia huduma yake ya bure hugawiwa terabaiti 100 kwa watu wake wote.

Hesabu yake ni nyepesi. Chuo chenye akaunti 20,000 kikigawa nafasi hiyo sawasawa, kila mmoja atapata gigabaiti 5. Anayeweka humo filamu mbili za gigabaiti 3 kila moja amekwisha kula fungu lake na kutia mkono katika fungu la jirani. Atajitetea, "Mimi mmoja nitapunguza nini?" Bandu bandu huisha gogo. Kila aliyeshika shoka alisema hivyo hivyo, na gogo halipo.

Wako pia wanaosema kuwa kumwazima rafiki neno la siri ni ukarimu. La hasha! Ukarimu ni kutoa kilicho chako. Nilipokuwa katika mafunzo ya ualimu, mwenzangu alimpa rafiki yake neno lake la siri ili apate kuchapa barua. Katika akaunti ile mlikuwa na orodha ya alama za darasa tulilokuwa tukilifundisha. Siku ya pili orodha ilikuwa ikizunguka katika simu za watu, na mtoto aliyeshika mkia alichekwa hata akakataa kuja shuleni wiki nzima. Mwenzangu hakukusudia ubaya, lakini nia njema yake haikumfuta mtoto yule machozi. Rafiki mwenye haja ya hati moja apewe hati hiyo moja, tena kwa kusoma tu. Asipewe ufunguo wa ghala zima.

Sisemi kwamba vijana waogope kulitumia ghala hili. Waandikeni pamoja, wasahihishane; ila asifute mtu sentensi ya mwenziwe kabla ya kumwuliza. Na siku ya kuondoka chuoni achukue kilicho chake, kwani vyuo vingi hufunga akaunti za waliohitimu. Kitu kinachorudishwa kwa mwenyewe hakiitwi mali. Huitwa amana, na amana hutunzwa hata pasipo mlinzi.