Kwa Nini Kichocho Humrudia Mtoto

Ekalakala, katika Kaunti ya Machakos, ni nchi kavu. Maji yakipatikana, yawe ya mto, ya bwawa, au ya shimo lililochimbwa mchangani, hutumiwa kwa kila kazi: kuteka, kufua nguo, kunywesha ng'ombe, na watoto kuogelea humo humo. Maji ya namna hii ndiyo apendayo konokono wa kichocho, na Machakos ni miongoni mwa mahali ambapo kichocho cha matumbo kimechunguzwa sana katika Afrika.

Penye ugonjwa huu husikika lalamiko moja. Mtoto alipewa vidonge shuleni, akapona, na kabla ya mwaka kwisha ameonekana anao tena. Basi wazazi wengine husema dawa ni mbovu, na mara ya pili humkataza mtoto asinywe. Neno hili si dogo.

Dawa hiyo, iitwayo prazikwanteli, ni nzuri, lakini yafaa kujua kazi yake. Vijidudu vya kichocho hutoka katika konokono wakati wa jua, wakaogelea, na kupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache, naye asisikie lolote ila pengine mwasho. Baada ya majuma kadhaa huwa minyoo mipevu, mume na mke, wakakaa katika mishipa ya damu ya matumbo kwa miaka. Mke hutaga mamia ya mayai kila siku. Mengine hutoka na choo. Mengine hukwama katika ini, nayo ndiyo yanayoliharibu ini na kuvimbisha tumbo. Lakini mayai hayo hayaanguliwi ndani ya mtu. Kila mnyoo uliomo mwilini uliingia kwa njia ya ngozi. Kwa hiyo mtoto aliyeugua tena kwa kawaida ameingiwa na minyoo mingine, tena dawa huua iliyopevuka, na michanga huweza kuponyoka.

Ujanja wa mnyoo huu ni wa ajabu kweli. Hujivika vitu vya damu ya mtu mwenyewe, hata askari wa mwili wakipita karibu hawamtambui adui. Dawa huuchubua ngozi, vazi likatatuka, ndipo kinga ya mwili hupata pa kushika. Bila msaada huo wa mwili dawa hupungukiwa nguvu.

Katika miaka ya 1980 wachunguzi wa Kenya na Uingereza, miongoni mwao Anthony Butterworth, waliwatibu watoto wa shule huko Machakos, kisha wakawafuatia, wakiangalia ni nani aendaye majini na mara ngapi. Wadogo waliambukizwa tena upesi. Wakubwa waliambukizwa kidogo, ingawa baadhi yao waliendelea kuingia katika maji yale yale. Basi tofauti haikuwa ya maji tu, ilikuwa katika damu. Kadiri mtu anavyokua, damu yake hupata kingamwili zinazoziita chembe nyeupe kuishambulia minyoo michanga. Somo hilo huja pole pole, hasa minyoo inapokufa mwilini na yaliyofichika ndani yake kuonekana.

Huko Kisumu, watu wanaoosha magari wakisimama katika Ziwa Victoria walitibiwa tena na tena, na habari zao zikachapishwa mwaka 2002. Baadhi yao, baada ya kutibiwa mara kadhaa, walianza kukaa muda mrefu zaidi kabla ya kuambukizwa. Kinga hiyo ilionekana kutegemea chembe za damu zile zile ambazo virusi vya UKIMWI huziangamiza.

Mzazi anayezuia vidonge vya mara ya pili, basi, huwaachia minyoo mipya nafasi ya kujaza ini mayai, na pengine huichelewesha kinga ya mtoto. Maumivu ya tumbo baada ya kumeza mara nyingi hutokana na minyoo inayokufa, nayo hupungua mtoto akila kwanza.

Walioachwa nyuma muda mrefu ni watoto wasiofika umri wa shule, ambao mama zao huwaogesha mtoni. Vidonge vikubwa na vichungu havikuwafaa. Dawa yao, iliyojaribiwa Kenya na Ivory Coast, iliidhinishwa na wakaguzi wa dawa wa Ulaya mwezi Desemba 2023, nayo huyeyushwa katika maji na kutolewa kuanzia umri wa miezi 3.