Taa za Breki Zifuate Mwendo, Si Mguu wa Dereva

Dereva wa gari la umeme anaweza kuzunguka mjini kutwa na asiguse breki ila mara chache. Akilegeza mguu kwenye akseleta, mota inageuka jenereta: inarudisha umeme kwenye betri na papo hapo inalizuia gari. Betri inafaidika, pedi za breki zinadumu. Aliye nyuma, hata hivyo, haoni mguu wa mtu. Anaona taa.

Mwaka 2023 jarida la Consumer Reports la Marekani lilieleza kwamba baadhi ya magari ya umeme ya Hyundai, Kia na Genesis yaliweza kupunguza mwendo hadi karibu kusimama bila taa za breki kuwaka, ilimradi dereva hajaachia akseleta kabisa. Sheria haikuvunjwa. Kanuni za Marekani zinalazimisha taa breki ya kawaida inapokanyagwa. Breki ya mota ni hiari ya mtengenezaji. Hyundai ilitangaza kurekebisha programu, lakini usalama wa aliye nyuma haufai kuwa hisani ya kiwanda.

Tupige hesabu. Magari mawili yanafuatana kwa kilomita 80 kwa saa. La mbele linapunguza mwendo kwa mita 2 kwa sekunde, kila sekunde, taa kimya. Sekunde 3 baadaye pengo limepungua mita 9. Kwa jinsi tunavyobanana barabara ya Mombasa, hiyo ndiyo nafasi yote.

Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 13-H ina busara zaidi. Kwa kipimo hicho hicho cha mita kwa sekunde, kila sekunde, upungufu wa mwendo unaoletwa na mota usiozidi 0.7 hauwashi taa, ukizidi 1.3 ni lazima ziwake. Katikati mtengenezaji anaamua.

Wapo watakaosema hata gari la gia za mkono hupungua mwendo dereva akishusha gia, na taa haziwaki. Kweli, ila mota ya umeme inaweza kulisimamisha gari kabisa. Hoja nzito ni nyingine: taa zikimetameta kila mguu unapotikisika, watu watazizoea na kuzipuuza. Ndiyo maana kile kiwango cha chini kinahitajika.

Nissan Leaf zilizotumika Japani zimeshafika Nairobi, na toleo lililozinduliwa 2017 linaweza kuendeshwa kwa pedali moja. Kwa magari hayo, ukaguzi wa mmoja kukanyaga breki na mwenzake kuchungulia nyuma, gari likiwa limesimama, hautoshi. Mashirika ya viwango, KEBS la Kenya na TBS la Tanzania, yadai jaribio la barabarani. Nawe mnunuzi, kabla ya kulipa, mwombe mtu akufuate kwa gari lingine, legeza akseleta taratibu, kisha akwambie taa ziliwaka lini.